Bampa ya bolti kwa Boxer BM 150: ipi ya kununua, na cha kufanya matundu yakigoma kukutana

Kati ya bampa (mabomba ya mbele yanayokinga injini) zinazouzwa kwenye maduka ya spea kwa ajili ya pikipiki ya Boxer BM 150, inayostahili pesa yako ni ile ya vipande viwili, kulia na kushoto, inayofungwa kwa bolti tupu bila kuchomelea chochote. Juu inashika kwa klampu bomba la fremu linaloshuka mbele ya injini. Chini inakaa kwenye braketi za fremu zinazobeba injini. Katikati kuna kiungo kinachounganisha pande mbili. Ikifungwa sawasawa, pikipiki ikilala bampa ndiyo inayopokea pigo, unabadilisha upande mmoja na kazi inaendelea. Shida yake ni kwamba mara chache hufika dukani ikiwa imelingana na fremu kwenye kila tundu. Jinsi fundi anavyolitatua hilo ndiyo inayoamua kama bampa italinda injini au itaipasua.

Dukani anza na bomba lenyewe. Chukua venia (kipimo cha kubana kinachosoma milimita), pima kipenyo cha nje, kisha pima unene wa ukuta kwenye ncha iliyo wazi. Muuzaji atakuambia "shika uone ilivyo nzito", lakini uzito peke yake hausemi mengi. Bomba la milimita 22 lenye ukuta wa milimita 1.5 lina kilo 0.76 hivi kwa mita. Ukiongeza ukuta hadi milimita 2, uzito unapanda kwa asilimia 30 na uwezo wa kuhimili kupindwa unapanda kwa asilimia 24. Ukibaki na ukuta uleule wa 1.5 lakini ukachukua bomba la milimita 25, uzito unapanda asilimia 15 tu na nguvu inapanda asilimia 32. Kwa hiyo tazama kipenyo kwanza, ukuta baadaye. Bomba la 25 kwa ukuta wa 2 linatosha kabisa kwa pikipiki ya ukubwa huu: ni kama kilo 1.13 kwa mita, na seti yenye mita tatu za bomba inafika kilo 3.4 kabla ya masikio (vibati vyenye tundu la bolti) na klampu. Kuzidisha hapo hakuna faida. Bampa isiyopinda kabisa inalipeleka pigo lote kwenye fremu, na fremu ndiyo itakayopinda.

Kisha angalia mshono wa kuchomea pale sikio linapokutana na bomba. Uzunguke pande zote bila kukatika. Vidonda viwili vitatu vya kuchomea vikishapakwa rangi nzito vinaonekana kama mshono kamili, kwa hiyo pitisha ukucha: mahali ambapo hapakuchomelewa utahisi ufa. Sikio lenyewe liwe na unene wa milimita 5 kwenda juu. Ncha za bomba ziwe na vifuniko, na kwenye kona ya chini kabisa pawe na kitundu cha milimita 4 au 5 cha kutolea maji. Kama hakuna, toboa mwenyewe kabla ya kufunga, kwa sababu maji yakituama ndani bomba linaoza kutokea ndani wakati nje rangi bado inang'aa. Kwa anayefanya kazi Tanga, Mombasa au Unguja, ambako hewa ina chumvi, acha kroomu ya bei ya chini. Ikipata ufa mmoja, kutu inatambaa chini yake na kuibandua vipande vipande. Rangi ya unga iliyookwa unaweza kuigusiagusia kwa brashi.

Hakikisha pia mfuko wa bampa unasema Boxer BM 150. Bampa ya TVS HLX inafanana nayo kwa mbali, lakini fremu ni nyingine, na hakuna tupa itakayoifanya ikae.

Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Kamukunji, Nairobi, anayekutengenezea bampa ya bolti kwa vipimo vya pikipiki yako anaweza kukupa kitu kizuri kuliko cha kuagizwa, kwa sababu anapima kwenye fremu ileile itakayofungwa. Masharti ni mawili. La kwanza, atumie bomba jeusi, si bomba la maji lililopakwa zinki. Bomba la maji la nusu inchi lina kipenyo cha nje cha milimita 21.3 na ukuta wa 2.6 kwa daraja la kati, yaani lina nguvu, ila zinki yake ikichomwa hutoa moshi unaompa fundi homa, na mshono unabaki na mapovu ndani. Kama ni lazima alitumie, aisage zinki yote kwa grinda kuzunguka mahali pa kuchomea, na afanye kazi mahali penye hewa. Sharti la pili, aweke alama kwenye pikipiki, kisha achomelee bampa ikiwa chini kwenye benchi. Umeme wa kuchomelea ukipita kwenye pikipiki unaweza kuua CDI (kisanduku kinachoongoza cheche za plagi) na betri, na ukipitia ndani ya injini unaacha vidonda kwenye bearingi.

Kufunga

Zana: spana na boksi za 10, 12, 13, 14 na 17, tupa ya duara, jeki ndogo, kipande cha ubao, mkanda wa kufungia mzigo wenye kikazio, venia, grisi, na gundi ya thredi ya nguvu ya kati (ile ya buluu). Saizi za spana zinachanganya watu kwa sababu bolti ya M8, yaani yenye mwili wa milimita 8, inaweza kuwa na kichwa cha 12 au cha 13, na ya M10 ikawa na cha 14 au cha 17. Usikisie bolti kwa spana inayoifungua. Pima mwili wake kwa venia.

Kabla ya yote, weka rula iliyonyooka kwenye bomba la fremu mbele ya injini. Pikipiki iliyowahi kugonga kitu kwa mbele mara nyingi bomba hili limerudi nyuma kidogo, na hapo hakuna bampa itakayokutana na matundu yake. Likiwa limepinda, simama. Bampa haiwezi kuwa dawa ya fremu.

Weka pikipiki kwenye stendi ya kati, mahali tambarare, injini ikiwa imepoa. Ingiza jeki na ubao chini ya injini, uipandishe mpaka ubao uguse tu. Hapo kazi ya jeki ni kuizuia injini isishuke bolti inapotoka. Ikishuka hata milimita mbili, bolti mpya haitapita na utadhani bampa ndiyo mbovu. Toa bolti moja, weka sikio, ingiza bolti mpya, zungusha kwa vidole. Ndipo uende kwenye ya pili. Kung'oa bolti zote za mbele kwa mpigo ndiko kunakozaa nusu ya malalamiko ya "haiingii".

Kama kati ya injini na braketi kuna spesa au bushi, angalia imetoka upande gani na uirudishe palepale. Spesa iliyobaki benchini maana yake bolti ikikazwa inazivuta braketi za fremu ndani, na baada ya muda braketi zinapata ufa.

Mpangilio ni huu: bolti za chini pande zote mbili kwa vidole, klampu ya juu ikiwa imelegea, kiungo cha katikati kikiwa kimelegea. Simama mbele ya pikipiki uone kama bampa imekaa sawa kulia na kushoto. Ndipo ukaze: za chini kwanza, kisha klampu, kiungo mwisho. Ukianza na kiungo, umezifunga pande mbili kabla hazijachagua mahali pake, na matundu ya chini yatakukataa.

Matundu yasipokutana

Pima pengo kabla ya kuamua. Pengo la hadi milimita 3 ni la kawaida; vuta kwa mkono, au zungushia mkanda wa mzigo pande mbili za bampa ukaze taratibu mpaka bolti ipite bila kulazimishwa. Kwanza lakini angalia ndani ya tundu. Rangi ya unga iliyojaa humo inapunguza nafasi, na wengi wanahangaika na pengo ambalo kumbe ni rangi tu. Tupa ya duara inaimaliza kwa dakika moja. Kwangua pia rangi kwenye uso wa sikio unaogusa braketi, upake grisi kidogo. Rangi nene iliyobanwa kati ya vyuma inaendelea kusagika pikipiki inapotembea, na bolti uliyoikaza inalegea bila kuguswa na mtu.

Pengo likibaki, tundu la sikio unaweza kulirefusha kwa tupa hadi milimita 2, kisha ukaweka washa nene na pana juu yake. Tundu la fremu na la injini haliguswi kabisa. Kama pengo ni la pembeni, yaani sikio liko mbali na braketi, usilivute kwa bolti. Pima nafasi, kata spesa ya chuma ya urefu huohuo, uiweke katikati. Kupanga washa tano au sita juu ya nyingine hakufai: zinateleza, na bolti inaanza kufanya kazi ya kupindwa badala ya kubana.

Zaidi ya milimita 5 kwenye seti mpya, irudishe dukani. Asiyeweza kurudisha aifungue yote, aibane kwenye vaisi na kuipinda ikiwa baridi, kidogo kidogo, akipima kila mara. Kuipinda kwa nondo ikiwa tayari kwenye pikipiki ni kuyakandamiza masikio ya injini, na hayo ni ya aluminiamu: hayapindi, yanakatika.

Sababu ya kung'ang'ania milimita hizi ni mtikisiko. Injini ya Boxer hii ni ya silinda moja ya sentimita za ujazo 144.8, na inatetema kila sekunde inapowaka. Bampa iliyovutwa kwa nguvu ya bolti inabeba mkazo huo mchana kutwa, mtikisiko unaongezeka juu yake, na ufa unaanza ukingoni mwa mshono karibu na sikio. Ukitaka kujua kama yako imekaa bila mkazo, kaza zote, kisha legeza bolti moja na kuitoa. Sikio likibaki palepale, umemaliza. Likiruka pembeni kwa milimita kadhaa, rudi kwenye spesa.

Bolti: urefu, thredi na daraja

Sikio la bampa linaongeza milimita 5 au 6 za unene mahali ambapo bolti ya kiwandani haikuhesabia. Ukirudisha bolti ileile, inashika thredi chache mno. Kwenye nati, bolti inatakiwa itokeze thredi mbili au tatu upande wa pili. Kwenye aluminiamu, sehemu iliyoshika iwe mara moja na nusu hadi mara mbili ya kipenyo: kwa M8 ni milimita 12 hadi 16. Bolti ndefu kupita kiasi ina hatari yake pia. Kwenye tundu lisilotokea upande wa pili inagonga mwisho, unahisi imekaza, kumbe kichwa hakijabana chochote. Ukiendelea unaipasua nyumba ya injini. Pima kina cha tundu kwa mkia wa venia kabla ya kununua.

Kosa linaloharibu fremu nyingi ni la M10. Pikipiki za Kijapani na za Kihindi kwa kawaida hutumia M10 yenye hatua ya milimita 1.25 kati ya thredi. Duka la vifaa vya ujenzi litakupa ya 1.5. Kwa macho zinafanana. Inaingia mizunguko miwili, inagoma, na fundi mwenye haraka anachukua spana ndefu. Hapo ndipo thredi zinapokatwa. Bolti sahihi inaingia kwa vidole karibu mpaka mwisho. Ikigoma, itoe, uiweke ubavuni mwa ile ya zamani dhidi ya mwanga: thredi zikilala ndani ya nyingine bila kuacha mwanya, hatua zao ni sawa. M8 haina tatizo hili sana, kwani 1.25 ndiyo ya kawaida kote.

Kichwani pasome 8.8 angalau, ndilo daraja la nguvu ya bolti. Bolti isiyo na alama yoyote, hata ikija ndani ya mfuko wa bampa, usiifunge.

Mkazo kwa bolti za 8.8, kwa nyutoni mita (Nm): M6 Nm 10, M8 Nm 22 hadi 25, M10 Nm 45 hadi 50. M8 inayoingia kwenye aluminiamu iishie 20. Kitabu cha pikipiki kikitaja namba nyingine kwa bolti za injini, fuata kitabu. Vijiwe vingi havina spana ya kupimia mkazo, lakini mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo au samaki, inafanya kazi hiyo vizuri. Funga ndoano yake kwenye spana sentimita 15 kutoka katikati ya bolti, vuta kwa pembe mraba mpaka isome kilo 16: hapo ni Nm 23 au 24, sahihi kwa M8. Kwa M10, ndoano sentimita 25, kilo 20: Nm 49. Thredi ziwe kavu na safi. Ukizipaka oili, mkazo uleule wa spana unaivuta bolti zaidi ya ilivyokusudiwa.

Kwa nati, zile zenye pete ya nailoni ni nzuri kwa mtikisiko, isipokuwa karibu na bomba la moshi. Nailoni hiyo huanza kushindwa inapofika nyuzi joto 120. Upande huo tumia nati ya kujifunga ya chuma tupu. Gundi ya buluu iende kwenye bolti zinazoingia moja kwa moja kwenye chuma bila nati.

Klampu ya juu

Hii ndiyo sehemu dhaifu ya bampa nyingi. Vipande viwili vya klampu vikikazwa vinatakiwa vibaki na mwanya wa milimita 1 hadi 2 kati yao. Vikigusana, klampu haijashika bomba hata kama bolti imekaza, na bampa itazunguka siku pikipiki ikilala. Ongeza mpira mwembamba wa kipande cha tyubu ndani yake, tabaka moja; matabaka mengi yanageuka kuwa springi. Bolti ya umbo la U yenye waya mwembamba ni ya kuepuka, kwani inauma bomba la fremu kwenye mstari mmoja na kulibonyeza. Fungua klampu kila msimu wa mvua unapoisha, futa, paka rangi palipokwanguka. Mpira unashika maji dhidi ya fremu.

Nafasi

Kabla ya kuwasha, geuza usukani mpaka mwisho pande zote mbili. Kisha zungushia mikanda kwenye usukani, ubane shokapu za mbele mpaka ziishe. Kati ya tairi au madigadi na bampa pabaki angalau milimita 15. Shimo moja la barabarani lenye abiria wawili nyuma litazimaliza shokapu kweli, na tairi likigusa bampa gurudumu la mbele linakwama. Kati ya bampa na bomba la moshi acha milimita 10. Kanyaga breki mpaka chini, badilisha gia zote ukiwa umevaa gambuti, maana gambuti ni pana kuliko kiatu na hubanwa kati ya bampa na pedali. Hakikisha spana inafika kwenye bolti ya kumwagia oili na kwenye plagi. Bampa inayodai ifunguliwe kila oili inapobadilishwa itaishia kufungwa ovyo, kwa sababu hakuna fundi atakayepima mkazo kila mara.

Upana usizidi usukani. Dereva hupima mianya ya foleni kwa mikono yake, na bampa iliyotokeza zaidi ya hapo itanasa kwenye bajaji au kwenye mguu wa mtu. Ilaze pikipiki kama inavyolala kwenye kona, upande mmoja na mwingine, mtu akiishika: kikanyagio ndicho kiguse chini kwanza.

Wengi wanaongeza mzigo hapo: dumu la lita 20 kila upande, au kipande cha nondo cha kuwekea miguu. Dumu hilo likijaa maji ni kilo 20, na linaning'inia mbali na bolti. Hakuna sikio la milimita 5 lililopangiwa kazi hiyo. Mguu uliowekwa juu ya bampa nao unapoteza sekunde ya kufika kwenye breki, na pikipiki ikiteleza ndio unaolaliwa.

Baada ya kufunga, na baada ya kuanguka

Kagua mkazo baada ya kilomita 100 za kwanza, tena baada ya 500, kisha kila unapobadilisha oili. Chora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye sikio. Mstari ukikatika, nati imesogea, na unaliona hilo bila spana. Mlio mpya wa kutetema mbele ya injini mara nyingi ni kiungo cha katikati.

Bampa iliyochomelewa kwenye fremu haina lolote la haya. Moto umelainisha bomba la fremu kando ya mshono, rangi ya ndani imeungua na kutu imeanza, na ikipigwa hakuna bolti ya kulegeza wala kipande cha kubadilisha. Ni rahisi siku ya kwanza tu.

Pikipiki ikishalala, toa upande uliopigwa wote. Rudisha rula kwenye bomba la fremu, tazama braketi za chini kwa tochi, pitisha kidole nyuma ya masikio ya injini kutafuta ufa au oili mpya. Bomba la bampa lililopinda kidogo linanyooshwa kwenye vaisi, lenye mkunjo linatupwa. Bolti za upande huo bingirisha moja moja juu ya kioo: inayoyumba imepinda, na haifungwi tena.